Jembe na Chaki: Akina Mama wa Mashamba ya Nakuru katika Maandishi ya Binti Zao

Vitabu viwili vilivyotoka kwa kupishana miaka 26 vinasimulia maisha ya wanawake wawili waliolima ardhi ya Nakuru katika miaka ileile ya 1940. Cha kwanza ni Nellie: Letters from Africa (1980), barua za Nellie Grant wa Njoro zilizohaririwa na binti yake, Elspeth Huxley. Cha pili ni Unbowed (2006), tawasifu ya Wangari Maathai, ambamo mama yake, Wanjiru Kibicho, anaonekana akiwa mkulima wa Ihithe, Nyeri, na kwa miaka kadhaa mke wa skwota katika shamba la mlowezi wa Kizungu huko Nakuru. Kwa kawaida cha kwanza huwekwa katika rafu ya fasihi ya walowezi na cha pili katika rafu ya harakati za mazingira, na kwa hiyo ni nadra msomaji kuvifungua pamoja. Hata hivyo vina jambo moja la msingi linalovifunganisha: katika kila kimoja, maisha ya mama wa shambani yametufikia kwa sababu binti aliondoka shambani kwenda kutafuta shule.

Suala la kuhojiwa hapa ni kwa nini ilikuwa lazima aondoke. Jibu rahisi ni kwamba shule haikuwapo. Lakini kutokuwapo kwa shule nako kuna historia yake, na historia hiyo huonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na ya mahali ambapo mwanamke wa shambani na mwalimu wa shule walikuwa mara nyingi mtu mmoja.

Mahali hapo ni nyanda za katikati ya Marekani. Mwalimu wa kike anayetoka katika familia ya wakulima, akafundisha katika shule ya chumba kimoja, kisha akaolewa na mkulima, ni mhusika aliyezoeleka katika fasihi ya huko. Laura Ingalls Wilder alianza kufundisha huko Dakota kabla hajatimiza miaka 16, akaolewa mwaka 1885, na akaja kuyaandika maisha hayo katika riwaya za watoto. Mhusika huyu hakuzuka tu kutokana na bidii ya wanawake wa huko, ingawa bidii haikukosekana. Sheria ya ardhi ndiyo iliyomwandalia nafasi. Tangu mwaka 1785 ardhi ya magharibi ilipimwa kwa miraba ya vipande 36, kila kipande ekari 640, na kipande cha 16 kikatengwa kwa ajili ya kugharimia shule. Katika majimbo yaliyoundwa baadaye, Kansas likiwamo, kilitengwa pia kipande cha 36. Kisha Sheria ya mwaka 1862 ikamruhusu mkuu wa kaya kudai ekari 160 kwa masharti ya kuishi na kulima hapo kwa miaka mitano, na wajane pamoja na wanawake wasioolewa hawakuzuiwa. Shule, kwa hivyo, ilichorwa katika ramani pamoja na shamba. Ni kweli kwamba mwalimu aliyeolewa mara nyingi alilazimishwa kuacha kazi, na ni kweli zaidi kwamba ardhi iliyogawanywa kwa ukarimu huo ilikuwa ya Wakansa, Waosage na mataifa mengine yaliyofukuzwa ili ipimwe. Mpaka uliokuwapo pale ulimtenga mwenyeji na mgeni. Haukumtenga mkulima wa kike na chaki.

Katika Bonde la Ufa la kati mipaka yote miwili iliwekwa pamoja.

Sheria na kifagio

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya bonde, na ardhi ikawa ya walowezi, Delamere akiwa maarufu miongoni mwa waliotangulia Njoro. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 99; ile ya mwaka 1915 ikaifanya 999. Muda wa namna hiyo hauna maana kwa maisha ya binadamu yeyote. Ulikuwa njia ya kusema daima pasipo kulitumia neno lenyewe.

Ardhi hiyo ilihitaji watu wa kuilima, na hapo ndipo skwota anapoingia. Sheria ya Wafanyakazi Wakaazi ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba, naye aruhusiwe kulima kipande kidogo na kuchunga mifugo yake. Familia nyingi za Wakikuyu zilihamia Nakuru, Naivasha na Molo kwa mpango huo, na kwa muda fulani baadhi yao walistawi kuliko ndugu zao waliobaki Kiambu na Nyeri. Ustawi huo haukuachwa udumu. Katika miaka ya 1920 mifugo yao iliondolewa kwa nguvu katika mashamba, na wenyewe waliliita tukio hilo kwa neno la Kiswahili, kifagio. Ni jina lenye uzito wa kifasihi: ufagio ni chombo cha nyumbani, cha kuondolea takataka, na walioondolewa ng'ombe na mbuzi wao walijua vyema walikuwa wamewekwa katika fungu gani. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza ekari na mifugo ya skwota. Tabitha Kanogo, katika Squatters and the Roots of Mau Mau (1987), ameeleza kwa kina jinsi kamba hiyo ilivyokazwa mwaka baada ya mwaka.

Aliyetia alama ya kidole katika mkataba alikuwa mwanamume. Mkewe hakuwa na mkataba wake, lakini kazi yake ilihesabiwa kana kwamba imo ndani ya ule wa mume: yeye ndiye aliyelima kipande cha familia, na wakati wa mavuno au wa kuchuma pareto, yeye na watoto waliitwa shambani. Watoto hao ndio walioifanya shule kuwa suala gumu. Mtoto aliye darasani hachumi pareto. Maskwota walijenga shule zao wenyewe pale walipoweza, nyingi zikiwa na uhusiano na vyama vya shule huru za Wakikuyu, na chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939 kilitarajiwa kuzipatia walimu. Lakini shule iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine husimama kwa hisani ya mtu huyo, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 shule huru zilifungwa.

Kinaya ni kwamba mwaka huohuo wa 1939 ilianzishwa Njoro shule ambayo jina lake liliunganisha maneno mawili yanayojadiliwa hapa: Egerton Farm School, Shule ya Shamba ya Egerton. Ilikusudiwa vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, na chuo kikuu mwaka 1987. Shamba na shule, basi, viliweza kukutana Nakuru bila shida yoyote, mradi aliyeketi darasani awe mtoto wa mwenye hati.

Nellie Grant: kalamu iliyo karibu na jembe

Nellie Grant alizaliwa mwaka 1885 katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza uliokuwa ukipungukiwa fedha. Alifika Kenya pamoja na mumewe, Josceline, mwishoni mwa mwaka 1912, wakajaribu kilimo cha kahawa Thika, na katika miaka ya 1920 akahamia Njoro kwenye shamba lililoitwa Gikammeh, jina la Kikikuyu la perere wa mitini. Mumewe alifariki mwaka 1947. Yeye aliendelea na shamba hadi mwaka 1965, alipohamia Ureno, na huko akafariki mwaka 1977.

Wasomaji wengi walimfahamu kabla ya kulijua jina lake. Katika The Flame Trees of Thika (1959) ndiye Tilly, mama mwenye mipango isiyokwisha na matumaini yasiyochoka. Katika The Mottled Lizard (1962) Tilly anaendelea. Barua zilipochapishwa mwaka 1980, mhusika alirudishiwa jina na sauti yake. Mtu huyohuyo amepita katika mikono ya mwandishi mmoja mara tatu, mara mbili akiwa Tilly na mara moja akiwa yeye mwenyewe, na mara zote mwandishi huyo ni mwanawe. Hata katika kitabu cha tatu, ambacho kinajiita barua, aliyekata, aliyeunga na aliyejaza mapengo kwa maelezo yake ni Huxley.

Barua hizo zilizaliwa na kuondoka. Huxley alitoka Njoro mwaka 1925 kwenda Chuo Kikuu cha Reading kusomea kilimo, kisha Cornell huko Marekani. Mama akabaki akimwandikia: mvua, bei, wanyama, wageni, mazao mapya yaliyoharibika kama yale ya kabla yake. Uzuri wa barua, ukilinganishwa na tawasifu, ni kwamba anayeandika hajui kesho italeta nini. Nellie anapopanga zao jipya hajui kwamba litashindwa, wala hajui kwamba utawala anaouona kuwa jambo la kawaida umebakiza miaka michache. Ni mcheshi, hajionei huruma, na ana jicho kali la mkulima halisi. Wafanyakazi wake wamo, tena kwa majina yao. Hata hivyo wamo kwa namna ambayo mvua imo: wanakuja, wanakawia, wanaleta baraka au usumbufu, na wote wanatazamwa kutoka barazani. Kuwalaumu walowezi kwa ujumla ni rahisi na hakuongezi maarifa. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba mwanamke huyu, aliyekuwa na kalamu, meza, stempu na binti wa kumwandikia, alikuwa na kila kitu ambacho mke wa skwota wa shamba jirani hakuwekewa.

Wanjiru Kibicho: uamuzi wa mwaka 1947

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Mwaka 1943 yeye na mama yake walikwenda Nakuru kuungana na baba, Muta Njugi, aliyekuwa dereva na fundi katika shamba la mlowezi. Muta alikuwa na wake wanne, Wanjiru akiwa wa pili. Kurasa za Nakuru katika Unbowed ni chache, nazo zina sauti tofauti na zile za Ihithe. Ihithe imepewa kijito, mkuyu mtakatifu, mayai ya chura yanayodhaniwa kuwa shanga, na bustani ndogo ambayo mama alimkatia mtoto ailime mwenyewe. Nakuru imepewa kazi. Mwandishi anakumbuka jinsi wafanyakazi walivyopangwa kwa kabila: Wakikuyu mashambani, Waluo kwenye makazi ya mwenye shamba, Wakipsigis kwenye mifugo. Hii ni miongoni mwa sehemu kali zaidi za kitabu kizima, kwa sababu haina malalamiko. Inaeleza mpangilio tu, na mpangilio unajieleza. Msomaji anayeijua historia ya Molo na Njoro ya mwaka 1992, ya 1998 na ya 2008 hahitaji kuongezewa neno.

Mwaka 1947 Wanjiru alirejea Ihithe pamoja na binti zake. Sababu inayotolewa na kitabu ni ya kifamilia: watoto wakubwa wa kiume walikuwa wakisoma huko Nyeri, wakahitaji mama wa kuwatunza, kwa kuwa shambani Nakuru hapakuwa na shule. Hakuna haja ya kuitilia shaka. Lakini mwanahistoria anayesoma tarehe hiyo hawezi kuipita hivihivi. Mwaka 1946 na 1947 ndio wakati ambapo maskwota wengi wa Nakuru na Naivasha walikataa kutia sahihi mikataba mipya iliyowaongezea siku za kazi na kuwapunguzia mifugo, na maelfu wakaondolewa mashambani. Magharibi ya Nakuru, Olenguruone, familia zilizopewa makazi mwanzoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa zikigombana na serikali kuhusu haki yao ya kumiliki ardhi hiyo. Kiapo cha umoja kililiwa huko na wanaume, wanawake na watoto, na hatimaye wakaazi walifukuzwa, baadhi wakapelekwa Yatta. Tawasifu inamkumbuka mama mmoja aliyefunga mizigo kwa ajili ya wanawe. Historia inaona barabara iliyojaa akina mama waliofunga mizigo. Masimulizi yote mawili ni ya kweli, na kosa lingekuwa kuliacha la pili limeze la kwanza, kwa maana Wanjiru hakuwa takwimu.

Kilichofuata kinasimuliwa kwa ufupi mno, na ufupi huo una nguvu zake. Kaka wa Wangari, Nderitu, alimuuliza mama kwa nini Wangari haendi shule. Mama akajibu kwamba haoni sababu ya kumzuia. Katika kaya ya mkulima mdogo jibu hilo lilikuwa na gharama: mikono miwili ya kuteka maji, kuokota kuni na kulea mdogo ilitolewa nyumbani. Yule mama wa nyanda za Marekani aliyempeleka binti shuleni alijua kwamba binti huenda akarudi kufundisha umbali wa maili mbili. Wanjiru alimpeleka binti katika njia isiyoonyesha mahali pa kurudi. Wangari alipita Ihithe, kisha bweni la Mathari, kisha Loreto Limuru. Akiwa na umri wa takriban miaka 16, wakati wa Hali ya Hatari, alikamatwa akienda kumtembelea baba yake Nakuru, akazuiliwa kambini siku mbili. Shamba alilokulia lilikuwa limegeuka mahali ambapo alihitaji kibali kukanyaga.

Kansas, Naivasha

Septemba 1960 Wangari alikuwa mmoja wa wanafunzi wapatao 300 waliosafirishwa kwenda Marekani kwa mpango uliosaidiwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Alipelekwa Atchison, Kansas, katika chuo cha watawa Wabenediktini, Mount St. Scholastica. Kwa namna hii binti wa mke wa skwota wa Nakuru alifika katikati ya zile nyanda ambazo sheria ilikuwa imechora shule pamoja na shamba. Unbowed haifanyi ulinganisho huo. Kitabu kinashughulika na majira ya mwaka, na urafiki, na ubaguzi wa rangi uliokutwa njiani kuelekea huko. Pengine ni pengo la kitabu. Mwandishi ambaye angeweza kuyaona mashamba ya mahindi ya Kansas kwa jicho la aliyekulia katika mahindi ya Nakuru anayapita haraka.

Alihitimu mwaka 1964, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi mwaka 1966 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alipata uzamifu mwaka 1971. Chaki ilikuwa imepatikana. Jembe lilikuwa bado Ihithe, kwa mama.

Wakati huohuo Nakuru nayo ilikuwa ikibadilika. Kuanzia mwaka 1962 mpango wa ekari milioni moja uligawa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baadaye kampuni za kununua ardhi, Ngwataniro ikiwa mojawapo ya zilizojulikana sana, ziliwakusanyia wanachama fedha za hisa. Tume ya Huduma ya Walimu ilipoanza kazi mwaka 1967, mshahara wa mwalimu ukawa fedha ya uhakika katika vijiji ambavyo fedha ya uhakika ilikuwa haba. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mwanamke anayefundisha asubuhi na kulima jioni alipopata kuwa sura ya kawaida Njoro, Bahati na Molo. Hata hivyo kwa kawaida hati iliandikwa kwa jina la mume, na Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972 haikuanza kutumika hadi mwaka 1981. Mshahara wa mke uliweza kulipia hisa ambayo jina lake halimo.

Fasihi imempuuza mwalimu huyu. Mwanamke wa Nakuru anayekumbukwa zaidi katika riwaya ni Wariinga wa Ngũgĩ wa Thiong'o katika Caitaani Mũtharabainĩ (1980), iliyotoka kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Naye ni mtoto wa mjini, aliyelelewa na shangazi baada ya wazazi wake kutiwa kizuizini, na shule kwake ndiyo njia aliyovamiwa na Mzee Tajiri kutoka Ngorika. Shamba katika riwaya hiyo ni mali ya wanaoshindana kwa wizi. Mwalimu mwenye ekari mbili na vitabu vya kusahihisha anaonekana hakuwa na msiba mkubwa wa kutosha, wala mhariri wa kike wa kumkusanyia barua.

Maathai alikutana tena na Bonde la Ufa mwaka 1977, wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa uliofanyika Nairobi. Wajumbe walipelekwa Naivasha kupanda miti katika shamba lililonunuliwa kwa ushirika na wanawake, mamia kwa idadi, na ukanda huo ulikuwa wa pili katika harakati iliyokuja kuitwa Green Belt. Wanawake wa vijijini walipoombwa kuotesha miche, maofisa wa misitu waliitwa kuwafundisha, na somo likawa gumu kupita kiasi: lilikuwa somo la watu wenye stashahada. Maathai aliwaambia watumie akili waliyotumia siku zote kwa mahindi na maharagwe. Wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika, wakaviinua juu ya kitu chochote ili kuku wasifikie, na kundi lililofanikiwa likaenda kulifundisha kundi la jirani. Malipo madogo yalitolewa kwa kila mche, baada ya kuhakikisha kwamba umeshika.